Chungu cha maharagi: fundisho la wamama wa Meksiko



Katika mkutano wetu wa siku ya posho tuliulizana ulizo moja jepesi: nani kati yetu amepika maharagi mara tatu katika juma hili? Tulikuwa wamama 22. Mikono iliyoinuka ilikuwa minne tu.

Mama mmoja anayeuza ndizi sokoni alitoa sababu kwa maneno machache: "Maharagi inakula makala kuliko watoto wangu wanakula maharagi." Tulicheka, kiisha tukanyamaza, kwa sababu ni kweli. Kilo ya maharagi tunaweza kuitafuta na kuipata. Moto wa kuivisha kilo hiyo ndio unaotushinda. Ndiyo maana siku nyingi tunapika fufu na lengalenga kidogo, na maharagi yanangoja siku ya Mungu. Sisi walimu tunawaona watoto hao darasani: saa nne ya asubuhi kichwa tayari kiko juu ya dawati.

Siku ile tulikuwa na mgeni, Masera mmoja mmisionari mzaliwa wa Meksiko, anayeishi katika parokia yetu tangu miaka mingi na anayesema Kiswahili kama sisi. Alisikiliza yote, kiisha akasema: "Wamama, kwetu maharagi ni ya kila siku, na mama yangu hakukuwa na pesa kuwapita ninyi. Alipika mara moja, tukakula siku mbili. Munipe chungu na asubuhi moja, nitawaonyesha."

Tulimpa chungu. Tunayoandika hapa ni yale tuliyoyaona siku hiyo na yale tuliyoyajaribu wenyewe nyuma yake, pamoja na kosa letu moja.

Maharagi ni mgeni aliyezoea

Wengi wetu tunafikiri maharagi ni chakula cha babu zetu tangu mwanzo wa dunia. Sivyo. Maharagi tunayokula, mekundu, meupe, ya njano na yenye madoa, yalianza kulimwa Amerika maelfu ya miaka iliyopita, katika sehemu mbili mbalimbali: upande wa Meksiko na nchi jirani zake, na katika milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Wareno waliyaleta Afrika katika karne ya 16, na polepole, kutoka mkono hadi mkono, yakapanda hadi milima yetu ya Kivu. Mahindi, muhogo, nyanya na pilipili nazo zilitoka ng'ambo hiyo hiyo. Basi mama wa Kivu anapopika fufu ya mahindi na maharagi yenye nyanya, karibu kila kitu kilicho juu ya meza yake kilitoka Amerika.

Kule Meksiko, kabla Waspania hawajauteka mji mkuu wa Waazteki mwaka 1521, majimbo yaliyotawaliwa yalilipa kodi kwa chakula. Kitabu cha picha kinachoitwa Codex Mendoza, kilichotengenezwa katika karne hiyo hiyo ya 16, kinaonyesha ghala za kodi hiyo: mahindi, maharagi, na mbegu za mmea ambao ni ndugu wa lengalenga yetu. Ndiyo, lengalenga! Hata leo wamama wa Meksiko wanachuma majani yake, wanayaita quintoniles, na wanayala pamoja na maharagi.

Shamba lao la zamani linaitwa milpa. Mahindi, maharagi na maboga yanapandwa pamoja. Maharagi yanapanda juu ya bua la mahindi, na mizizi yake inausaidia udongo kupata mbolea ya naitrojeni. Majani ya boga yanafunika chini ili jua lisikaushe udongo na majani mabaya yasiote. Mama yeyote wa Kabare au Walungu akiliona shamba hilo atadhani amefika kwa mama mkwe wake. Mwaka 2010 UNESCO iliandika upishi wa asili wa Meksiko katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na maharagi ni moja ya nguzo za upishi huo.

Maharagi tuliyopikiwa na Masera yanaitwa frijoles de la olla, maana yake maharagi ya chungu. Kusini mwa Meksiko wanapenda maharagi meusi. Kaskazini wanapenda yale ya madoa yanayoitwa pinto. Namna ya kupika inakaribiana popote, na vitu vyake ni vichache kiasi kwamba mama mmoja wetu aliuliza: "Masera, ni hivyo tu?"

Vitu vya kutayarisha (watu 6 hadi 8)

- Maharagi makavu, nusu kilo
- Maji, litre 2, na mengine ya kuongeza
- Kitunguu, nusu
- Kitunguu saumu, punje 2 au 3
- Mafuta, kijiko kimoja kikubwa. Wao wanatumia mafuta ya nguruwe. Sisi tulitumia mawese
- Chumvi, vijiko 2 vidogo
- Tawi moja dogo la jani la harufu

Jani la Meksiko linaitwa epazote. Lina harufu kali, na wamama wa kule wanasema linapunguza gesi tumboni. Lakini mmea huo una mafuta yenye nguvu, na hata kwao wanatia tawi dogo tu. Tusiende kuchuma jani tusilolijua vema kando ya njia, zaidi sana kwa mama mwenye mimba. Sisi tulitia seleri, na chungu hakikulalamika.

Namna ya kupika

Kwanza, kuchambua. Maharagi yanamwagwa juu ya meza, mawe yanatolewa, na yale yaliyotobolewa na wadudu au kuoza yanatupwa. Masera alituambia kwamba kwao hiyo ilikuwa kazi ya watoto, nao walijifunza kuhesabu hapo hapo. Tulilipenda shauri hilo. Mtoto wa mwaka wa kwanza anaweza kutenga maharagi kumi kumi bila daftari wala kalamu.

Pili, kuloweka. Hapa Masera alikuwa mkweli: kwao wamama wengi hawaloweki, hasa maharagi yakiwa mapya ya mavuno. Lakini maharagi ya sokoni kwetu mara nyingi yamekaa katika gunia miezi mingi, na maharagi yaliyokaa sana penye joto na unyevu yanakuwa magumu kuiva. Kwa hiyo tuloweke usiku mzima katika maji mengi. Maji hayana bei ya makala. Asubuhi maji hayo ya kulowekea yanamwagwa na maharagi yanaoshwa.

Tatu, moto mkubwa. Maharagi, maji mapya, kitunguu, kitunguu saumu na mafuta vinaingia pamoja. Chumvi bado. Chungu kichemke kwa nguvu, maji yakiruka, kwa nusu saa. Sababu ya nusu saa hiyo tutaieleza hapa chini, tusiiruke.

Nne, moto mdogo. Tunapunguza makala, tunaacha machache tu, na chungu kinatokota polepole. Hapa tulijifunza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelijua. Masera hakufunika chungu kwa mfuniko. Aliweka juu ya mdomo wa chungu bakuli la udongo lililojaa maji. Mvuke wa maharagi ukayapasha yale maji ya juu bila kutumia kaa hata moja. Chungu kilipopungua maji, aliongeza ya moto kutoka bakuli, kiisha akajaza bakuli tena. Wamama wa Meksiko wanafanya hivyo tangu zamani, kwa sababu maji baridi yanazima mchemko, na moto unaanza kazi upya. Kwetu sisi tunaolipa makala, bakuli hilo ni akiba.

Tano, chumvi na jani. Maharagi yakiwa laini, ukiyafinya kwa vidole yanapondeka bila kubishana, ndipo tunatia chumvi na jani la harufu, na kuacha robo saa nyingine.

Sita, mchuzi. Usimwage! Maharagi ya chungu yanaletwa mezani katika bakuli pamoja na mchuzi wake mweusi au mwekundu, mzito kidogo. Wao wanakula na tortilla, mkate mwembamba wa mahindi unaookwa juu ya bamba la moto. Sisi tulikula na fufu. Juu yake kila mtu anatia apendavyo: pilipili, kitunguu kibichi kilichokatwa, tone la ndimu.

Kosa letu

Juma lililofuata tulipika wenyewe bila Masera. Tulichanga franka za makala, tukaloweka maharagi, tukafuata yote. Ila mmoja wetu akasema, "Maharagi bila nyanya ni ya wagonjwa," na nyanya sita zikaingia chunguni tangu mwanzo. Baada ya saa tatu maharagi yalikuwa bado yanagonga meno. Makala yakaisha. Watoto waliokuja na sahani zao walirudi nyumbani na ndizi.

Masera alipoambiwa alicheka mpaka akashika ukuta. "Nyanya inafunga mulango ya maharagi," akasema. Ni kweli, na tunaweza kulieleza darasani: vitu vya uchachu kama nyanya, ndimu au siki vinazuia ngozi na nyama ya haragi kulainika. Nyanya ziingie mwishoni, maharagi yakisha kuiva. Wakaange kando na kitunguu, kiisha wamwage chunguni, ladha itakuwa ile ile tuliyoizoea na makala hayatapotea. Tunaandika kosa hili kwa sababu tunajua si sisi peke yetu tunaolifanya.

Kwa nini Uvira wanatushinda

Mama mmoja aliyeolewa Uvira alisema kwamba kule maharagi yanaiva mbio kuliko Bukavu. Wengine walimbishia. Ana haki. Kadiri tunavyopanda mlima, maji yanachemka kwa joto dogo zaidi. Kando ya bahari yanachemka kwa digri 100. Bukavu, kwenye mita 1.500 hivi, yanachemka karibu na digri 95. Mji wa Meksiko uko juu zaidi yetu, mita 2.240 hivi, na maji yake yanachemka kwa digri 92 au 93. Ukiona maji yanaruka usifikiri joto ni lile lile kila mahali. Wamama wa miji ya juu ya Meksiko walijibu shida hiyo kwa njia mbili: zamani kwa subira, moto mdogo wa saa nyingi, siku hizi, wenye uwezo, kwa sufuria ya presha, ambayo inapandisha joto kupita digri 100. Kikundi chetu kimeanza kujiuliza kama tunaweza kununua moja na kuitumia kwa zamu. Tutalizungumza.

Haragi bichi ni sumu

Sasa ile nusu saa ya moto mkubwa. Maharagi mabichi, zaidi sana yale mekundu makubwa, yana sumu ya asili inayoitwa fitohemaglutini. Mtu akila hata punje nne au tano mbichi, baada ya saa moja hadi tatu anaweza kushikwa na kichefuchefu, kutapika sana na kuhara. Mara nyingi tunasema "amelogwa" au "ni chakula cha sokoni," kumbe ni chungu kilichoondolewa motoni mapema kwa kukosa makala.

Kuloweka saa tano au zaidi na kumwaga maji hayo kunasaidia. Kuchemsha kwa nguvu kunamaliza kazi. Moto mdogo peke yake, usiofikia kuchemka, hautoshi. Unaweza hata kuiongeza nguvu sumu hiyo. Basi tukumbuke utaratibu: kwanza kuchemsha kwa nguvu nusu saa, kiisha moto mdogo mpaka yalainike. Na watoto wasichezee maharagi mabichi mdomoni.

Siku ya pili

Hapa ndipo akili ya mama wa Meksiko inapoonekana. Anapopika chungu, anafikiria siku mbili. Siku ya kwanza ni maharagi na mchuzi. Siku ya pili anakaanga kitunguu katika mafuta, anatia maharagi na mchuzi kidogo, anaponda ndani ya sufuria mpaka yawe uji mzito. Hayo ni frijoles refritos, nayo yanachukua robo saa tu. Yanayobaki anaongeza maji na nyanya iliyokaangwa, yanakuwa supu. Makala ya saa mbili yamewalisha watu siku mbili.

Sisi hatuna frigo, na wamama wa vijiji vya Meksiko nao zamani hawakuwa nayo. Dawa yao ni kuchemsha chungu tena: jioni kabla ya kulala na asubuhi, kuchemka kweli, si kupasha tu. Tufunike vizuri, tusiingize mwiko uliokwisha kulambwa. Maharagi yakitoa povu, harufu ya uchachu au utelezi, tuyatupe bila huruma. Na tusivuke siku ya pili.

Bakuli la mtoto

Tulibakiza neno hili mwisho kwa sababu ndilo lililotufanya tuandike.

Meksiko, mtoto anayeanza kula anapewa mara nyingi mchuzi wa maharagi. Kwetu pia. Mama anateka mchuzi wa juu, anachanganya na fufu laini, anasema mtoto amekula maharagi. Lakini nguvu ya kujenga mwili iko ndani ya punje zenyewe. Mchuzi peke yake umejaza tumbo kwa maji. Na fufu ya muhogo ina proteini kidogo mno. Mtoto anayelishwa fufu na mchuzi mwepesi kila siku ndiye tunayemwona baadaye miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi, uso umekosa furaha. Bwaki tunaijua. Hatuhitaji kufundishwa jina lake.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, tuponde punje zilizoiva sana, tuchuje ngozi kama bado ni mdogo, tulainishe kwa mchuzi kidogo mpaka uji ukae juu ya kijiko bila kutiririka, na tuendelee kumnyonyesha. Mahindi na maharagi yakiliwa pamoja yanasaidiana: kinachopunguka katika proteini ya hili kinapatikana katika lile. Waazteki hawakuwa na maabara, lakini walikula hivyo, na tortilla na maharagi vinaliwa pamoja mpaka leo. Kwetu, kuchanganya unga wa mahindi katika fufu ya muhogo ni hatua njema.

Maharagi yana pia madini ya chuma yanayosaidia damu. Tone la ndimu au kipande cha pera juu ya chakula kinasaidia mwili kuyachukua. Chai pamoja na chakula inazuia. Tuinywe saa nyingine.

Na kuhusu chungu chenyewe: huko Meksiko vyungu vingi vya udongo vinapakwa rangi ya kung'aa yenye risasi ndani yake, na risasi hiyo imeingia katika damu ya watoto wengi. Siku hizi kuna mafundi wanaotengeneza vyungu visivyo na risasi. Chungu cha udongo mtupu, kilichochomwa bila kupakwa, kama vile wanavyovifinyanga wamama wa kwetu, hakina shida hiyo. Tukikutana na chombo cha udongo kinachong'aa ambacho hatujui kilikotoka, kiwe cha maua.

Tulipofikia

Mama wa ndizi alijaribu nyumbani. Aliloweka siku ya kwanza usiku, akapika siku ya pili, akaweka bakuli la maji juu ya sufuria kwa sababu chungu hana. Alituletea hesabu: makala aliyozoea kumaliza kwa chungu cha siku moja yamemfikisha siku mbili. "Si utajiri," akasema, "lakini juma hii tulikula maharagi mara ine." Siku ya posho iliyopita tuliuliza tena ulizo letu. Mikono ilikuwa tisa.

Wameksiko wana msemo mgeni anapofika bila kutazamiwa: ongeza maji katika maharagi. Hatukuhitaji kutafsiriwa. Mama gani wa Kivu hajafanya hivyo? Mgeni akaribishwe, maji yaongezwe. Lakini kabla ya kuongeza maji, tuingize mwiko mpaka chini ya chungu, tutoe punje, tuweke bakuli la mtoto kando.

Siku ya posho inayokuja tutapika tena pamoja. Kila mama alete kikombe kimoja cha maharagi yaliyokwisha kulowekwa, na bakuli la mtoto wake. Nyanya tutazileta sisi, na tutazishika sisi wenyewe mpaka mwisho.